Bomba la Inchi Kumi na Nne

Mmeniuliza kwenye chumba cha walimu, mmeniuliza kantini, na Jumapili mmoja wenu ameniuliza kanisani huku kikapu cha sadaka kikipita mbele yetu: Wafula, Mutomo kulikuwaje? Naandika mara moja ili nisiulizwe tena. Mambo ya barua na vibali nayaruka, maana hata nilipokuwa nayafanya yalinichosha. Naanzia pale gari lilipowaka.

Nairobi hadi Salama

Kwanza mjue nilikuwa nafuata nini. Ni nyota. Haimo hata katika galaksi yetu, imo katika galaksi jirani, ile inayoonekana upande wa kusini kama kiwingu kilichosahauliwa angani. Tena si nyota moja, ni mbili zinazoishi boma moja. Moja ni kubwa, nene na yenye joto kali. Ya pili ni ndogo sana, imekufa zamani, lakini haiachi kumnyonya mwenzake gesi, na kila inachomeza kinatoa miale ya eksirei, ile ile ya hospitalini. Kila baada ya siku moja na saa kama kumi zinamaliza kuzungukana. Miale yenyewe haifiki ardhini, hiyo ni kazi ya setilaiti. Kazi yetu ilikuwa mwanga wa kawaida: kupiga picha ile kubwa usiku baada ya usiku, na kupima inavyofifia na kung'aa inapogeuza mwili wake uliovutwa ukawa na umbo la yai.

Nasema kazi yetu, lakini mwenyewe alikuwa profesa mmoja mgeni aliyekuja na darubini yake kutoka ng'ambo. Wenzake walikuwa wanaitazama nyota hiyo kutoka Australia na Amerika ya Kusini, na katikati kulikuwa na saa ambazo kule kote ni mchana. Saa hizo zilituangukia sisi. Akachagua Mutomo kwenye ramani kwa sababu kuna giza, kuna ukavu, na upande wa kusini hakuna mlima unaoziba. Kisha siku yake ya kwanza hotelini akala samaki, tumbo likamgomea, na mimi msaidizi wake, mwalimu wa fizikia wa kufundisha vigari na miteremko, nikawa mtaalamu wa galaksi jirani kwa sababu ya samaki.

Aliniita kitandani kwake akaniahidi mbele ya muuguzi. Nikimletea picha za usiku tano, na ndani yake kuwe na ile saa nyota inapofifia, atanichukua chuoni kwake nikasomee udaktari wa fizikia. Nikiikosa, asante kwa juhudi. Sina haja ya kuwaeleza nyinyi, mnaojua kimo cha dari la chumba cha walimu, jinsi nilivyoitaka nafasi hiyo.

Agizo lake kubwa lilikuwa maji. Picha zilikuwa kwenye vioo, si filamu, na kwa joto la kule zingeharibika kama hazingesafishwa kwa dawa na kuoshwa kule kule kabla ya safari ya kurudi, kwa maji safi na mengi. Basi tukabeba mitungi miwili ya plastiki iliyojaa maji ya bomba la Nairobi.

Dereva wangu alikuwa Musyoka, Mkamba wa Kalamba, shemasi kanisani kwake na mwongo mpole nje yake. Nyuma ya Landrover tulilaza darubini, bomba la chuma refu kuliko mimi, limefungwa turubai. Tulipofika Salama injini ilikuwa inachemka kama sufuria ya githeri. Musyoka akafungua boneti, akaitazama kwa huruma, akachukua mtungi wa kwanza na kuumimina wote.

"Hayo ni maji ya nyota," nikasema.

"Mwalimu, bila gari nyota utafikia na miguu?"

Tukakaa hapo saa mbili tukingoja injini ipoe. Nilikula nyama ya mbuzi iliyokuwa na umri wa kupiga kura, na chai nzuri. Kwenye meza ya pili alikuwa Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini mashariki, aliyekuwa na malori mawili ya madume yaliyokonda hadi mtu angeweza kuhesabu mbavu akiwa ndani ya hoteli. Aliinuka, akazunguka gari letu, akainua ncha ya turubai.

"Hii bomba ni inchi ngapi?"

"Kumi na nne," nikajibu, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha kioo chake, na kwa sababu nilifurahi kuulizwa.

Abdi akatikisa kichwa kwa heshima. "Hiyo ni kisima kubwa. Mnaenda kuchimba wapi?"

"Si kisima. Ni ya kutazama nyota. Tunaenda Mutomo."

Akacheka mpaka akashika meza. "Sawa, sawa. Watu ya serikali hamwezi sema. Lakini Mutomo wamekauka kabisa, Mungu awasaidie." Akamwita dereva wake wa lori tupu lililokuwa linaelekea kule kuchukua mifugo, wakaongea kwa lugha yao, yule dereva akanitazama kama mtu anayemtazama daktari. Mimi sikushuku kitu. Nilikuwa nawaza dume lipi litaanguka kwanza.

Salama hadi Kalamba

Kalamba haikuwa njiani. Niliitafuta kwenye ramani ya profesa nikaiona imekaa upande wake, haina habari na sisi. Lakini Musyoka alisema mama mkwe wake ni mgonjwa, na itakuwa aibu kupita karibu bila kumsalimu. Karibu hiyo ilikuwa mwendo wa nusu siku kwenye mawe.

Mama mkwe alikuwa mzima wa afya, anapalilia mbaazi zilizokwisha kukata tamaa. Musyoka, kwa adabu yao ya ukwe, hakuingia ndani wala hakula mbele yake. Alikaa kwenye kigoda nje akiwa ameupa mlango kisogo, akawa anamjibu kupitia ukutani. Mimi nisiye mkwe wa mtu nikaingizwa ndani nikapewa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Nasema kwa moyo wote, tangu nizaliwe sijala chakula kilichonitulia tumboni namna ile. Nikala sahani mbili. Nilipotoka nikamkuta Musyoka anamkabidhi shemeji yake mtungi wa pili.

"Musyoka!"

"Mkwe haendi mikono mitupu, Mwalimu. Kiangazi hii nimpelekee nini, sukari? Atakoroga na nini?"

Nilikuwa nimekula sahani mbili zilizopikwa kwa maji ya mama yule. Nikaingia garini. Tulipoondoka mama akaja hadi kwenye gari, akapiga lile bomba kwa kiganja mara mbili, polepole, mtu anavyompiga ng'ombe mzuri mgongoni. Akasema neno kwa Kikamba.

"Anasema nini?"

"Anasema Mungu abariki kazi yako," akasema Musyoka, huku anatazama mbele.

Kalamba hadi Mutomo

Tulirudi barabara kuu, tukateremka hadi Kibwezi, tukakunja kushoto. Tulipovuka daraja la Athi Musyoka akasimamisha gari. Chini mto ulikuwa unapita, mwembamba, una rangi ya chai ya maziwa.

"Tujaze debe hapa. Mbele hakuna."

Hapo, marafiki, ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na mimi niliufunga kwa mkono wangu. Nilimwambia maji yale yamepita Nairobi na uchafu wake wote, na nyota iliyosafiri mbali vile haitaoshwa kwa matope. Nilisema hivyo kwa Kiswahili kizuri kabisa. Musyoka akaliangalia debe, akaniangalia mimi, akawasha gari.

Kumbukeni mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu mvua ni jirani anayekuja kila alasiri hata usipomwalika. Sikuwahi kuyafikiria maji kama kitu kinachokwisha. Baada ya Ikutha nilianza kuona punda wamebeba mitungi, wanawake nyuma yao, safu baada ya safu, na wote walipoliona gari letu walisimama wakapunga mikono. Watoto walikimbia nyuma ya vumbi letu wakipiga makofi. Nikafikiri ni ukarimu wa Ukambani. Nikapunga mkono pia, kama mbunge.

Mutomo

Tulikuta kiwanja kimefagiwa. Vichaka vimekatwa, mawe yamepangwa duara, na wanawake kama thelathini wamekaa chini wanangoja. Dereva wa Abdi alikuwa amefika siku moja kabla yetu.

Kiongozi wao alikuwa Mama Kavutha, mjane, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama na mzee wa kanisa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu. Jina ni nani?"

"Wafula, Mwaitu." Musyoka alikuwa amenifundisha neno hilo la kumwita mama kwa heshima.

"Wafula kwa lugha yenu ni nini?"

"Ni aliyezaliwa wakati wa mvua."

Wanawake wakatazamana. Mama Kavutha akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi kwetu wewe ni Wambua!" Vigelegele vikapanda hadi mbuzi wakakimbia. Wakaleta mitungi sita, wakaipanga mbele yangu. Ni maji ya kuchimbua kwenye mchanga wa mto mkavu. Unashuka shimoni unangoja yajikusanye kata kwa kata, halafu unatembea nayo na punda mwendo wa saa nne. Walikuwa wameyachuja kwa kitambaa cheupe.

"Ya kazi yako," akasema Mama Kavutha. "Yule mchimbaji wa kwanza alisema mashine yake lazima kunywa maji kwanza ndio itoe maji. Hatukuwa na ya kumpa, akaenda. Safari hii tumejipanga."

Nikamvuta Musyoka kando. "Wanadhani nimekuja kuchimba kisima."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Salama. Mwalimu, waambie basi. Mimi nimenyamaza kwa sababu wewe ndiye mkubwa."

Nilirudi mbele yao. Nilikuwa na maneno mdomoni. Niliitazama ile mitungi sita ya maji yaliyochujwa, nikawaza vioo vya profesa na ile nafasi yangu, nikasema: "Akina mama, mimi nimekuja kutazama kwanza."

Haikuwa uongo. Mama Kavutha akaitikia kwa kichwa, akasema wote huanza kwa kutazama.

Jioni ile nilisimamisha darubini. Akauliza mbona inaangalia juu. Musyoka, shemasi wa Kalamba, akajibu kwamba mashine za siku hizi huanza juu, na mimi nikajishughulisha na skrubu.

Usiku huo na nyingine nne zilizofuata, anga la Mutomo lilikuwa kile profesa alichokiomba. Hakuna wingu hata la kufutia kamasi. Giza likiingia tu ile galaksi jirani ilikuwa tayari kusini, nami nikiweka kioo, nikiiongoza darubini kwa mkono nusu saa bila kupepesa, nikitoa, nikiweka kingine. Kila usiku akina mama walikuja kwa zamu, wakakaa mbali kidogo wasinisumbue, wakaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Walikuwa wanaomba mvua. Nami, Mungu anisamehe, kila walipofika kwenye mstari wa mvua nilikuwa naomba isije kabla ya Ijumaa.

Usiku wa pili Mama Kavutha alinijia akaniuliza natazama wapi. Nikamwonyesha.

"Kile kiwingu?"

"Kile."

"Hicho tunakijua tangu utoto. Hakijawahi kunyesha."

Hapo pia ningeweza kusema. Nilisema, "Ni mbali sana, Mwaitu," kisha nikabadilisha kioo.

Usiku wa tatu saa niliyoitaka ilifika. Kwa macho hakuna cha kuona, hata kwenye darubini ni nukta tu, ila majedwali ya profesa yalisema ni sasa, nikabadilisha kioo baada ya kioo. Mwishoni mwa siku tano nilijifungia katika stoo ya kanisa, madirisha yamezibwa kwa magunia, nikasafisha vioo vyote kwenye makarai. Mitungi sita ilikwisha. Dawa ile ni sumu, hata mbuzi hawezi kunywa, kwa hiyo karai baada ya karai nililibeba nje na kulimwaga mchangani.

Nilipomwaga la mwisho nikainua macho. Mama Kavutha alikuwa amesimama pale na punda wake. Sijui alikuwa amesimama tangu karai la ngapi. Ardhi ilikuwa imekwisha kuyanywa, imebaki doa.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata."

"Wapi?" Akatazama chini, kushoto na kulia, anatafuta mahali nilipoweka alama.

Nikaingia stoo, nikaleta kioo kimoja kilichokauka, nikakishika mbele ya anga. Kwenye picha hizo nyota ni nyeusi, kwa hiyo kilionekana kama kioo kilichonyunyiziwa vumbi la makaa. Nikamwonyesha nukta moja kwa ncha ya sindano.

"Ni hii. Ni nyota, Mwaitu. Mimi si mtu wa visima. Sikuwahi kuwa."

Alikishika kioo kwa ncha za vidole, kwa uangalifu kuliko mimi. Mimi nilitamani apige kelele.

"Hii moja?"

"Hiyo."

"Ndio imekunywa mitungi sita."

"Ndiyo."

"Na iko mbali kama wapi?"

Nikaanza kueleza, maana mwalimu hata akiwa na aibu hueleza. Nikamwambia mwanga uliopiga kioo kile uliondoka kule kabla hakujawa na Mutomo, wala Wakamba, wala mtu yeyote mwenye jina, na muda wote huo ulikuwa njiani.

Akanirudishia kioo.

"Kama imekaa njia hiyo miaka yote," akasema, "si ingengoja kidogo sisi tukunywe kwanza?"

Nimesoma fizikia miaka saba. Nilimwambia naomba msamaha. Akasema amesikia. Kisha akakusanya mitungi yake mitupu, mmoja mmoja, akaifunga kwenye punda, na nilipojaribu kumsaidia fundo akaliondoa mkononi mwangu bila ukali.

"Safari njema, Wafula," akasema.

Kurudi

Hakuna aliyetupungia mkono. Kabla ya Ikutha tulipishana na punda wale wale, na wanawake wakapisha gari kama mtu anavyopisha gari lolote. Kwenye daraja la Athi nilimwambia Musyoka asimame. Tukajaza debe na kila chombo tulichokuwa nacho, hadi sufuria ya chai, tukageuza gari. Ndiyo, tulirudi Mutomo njia yote ile. Tulipofika kiwanja kilikuwa kitupu, tukayaacha maji mlangoni kwa Mama Kavutha, maji yenye rangi ya chai ambayo mimi niliyakataa. Hakuwapo. Alikuwa mtoni kuchota. Kama aliyatumia au aliyamwaga sijui, na sikustahili kukaa nijue.

Salama tukamkuta Abdi na madume mengine, ama ni yale yale yamezidi kukonda.

"Maji imetoka?"

"Hayakutoka," nikasema.

"Inchi kumi na nne na haikutoka?" Akamtafsiria mwenzake, wakacheka wote wawili, halafu Abdi akaacha kucheka akauliza, "Sasa wale watu watafanya nini?"

Musyoka akasema injini imepoa, tuondoke.

Profesa alikuwa amepona, amevaa suruali yake, sanduku limefungwa. Alivipokea vioo kama mtu anayepokea mtoto. Alivitazama kwa lenzi kimoja kimoja, na alipofika vya usiku wa tatu akaruka kitini. Nyota ilikuwa imefifia pale pale ilipotakiwa kufifia. Akanikumbatia. Mwezi wa tisa, akasema, nitakuwa kwao, chumba na masomo, ahadi ni ahadi. Ndiyo, ninakwenda. Mnaweza kunipongeza, wengi wenu mmeshaanza kukipimia macho kiti changu.

Kisha akarudi kwenye lenzi, akashangaa. Alisema tangu aanze kazi hajaona vioo vya shambani vilivyo safi namna ile, hakuna chembe ya mchanga, hakuna doa. Akauliza nilitumia maji gani.

"Ya kunywa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua daftari lake, na kwenye mstari wa Mutomo akaandika: maji mazuri.